Kapsuli ya Kabla ya Chai

Bahasha ndogo ya kaki inayotoka kwenye dirisha la dawa huwa imeandikwa vitu viwili: jina la dawa kwa mwandiko wa haraka, na alama kama 1×1 au 1×2. Mgonjwa akiuliza, anasomewa: "Kimoja, kutwa mara mbili." Kwa dawa nyingi maneno hayo yanatosha. Parasetamoli ukiimeza kabla ya ugali au baada yake, kichwa kitapoa. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo haziridhiki na hesabu hiyo. Bahasha haisemi zimezwe muda gani kabla ya kula, haisemi zinatibu nini, na haisemi lini mwisho. Matokeo yake, wapo wanaomeza dawa nzuri bila kupata nafuu, na wapo waliopona zamani lakini wanaendelea kuinunua mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Dawa ninazozungumzia hapa ni omeprazoli na ndugu zake: esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Majina yanafanana, lakini usitegemee mwisho wa jina peke yake, maana aripiprazoli ni dawa ya magonjwa ya akili na haihusiani kabisa na tumbo. Majina ya dawa yameshaleta matatizo makubwa kuliko hilo. Omeprazoli ilipoingia Marekani mwaka 1989 iliitwa Losec. Watu wakawa wanaichanganya na Lasix, dawa ya kukojoza wagonjwa wenye maji yaliyojaa mwilini, na mwaka 1990 jina likabadilishwa likawa Prilosec. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dirishani soma jina lililochapwa kwenye karatasi ya vidonge, na kama mwandiko wa kwenye bahasha haulingani nalo, uliza.

Asidi yenyewe si adui. Tumbo hutengeneza asidi ya haidrokloriki kwa kazi maalumu: inaanza kuvunjavunja nyama na maharage, inasaidia mwili kupata madini ya chuma na vitamini B12 kutoka kwenye chakula, na inaua vijidudu vingi tunavyovimeza bila kujua. Inatoka kwenye chembe hai za ukuta wa tumbo, ambazo zina pampu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Pampu hizo nyingi hupumzika tumbo likiwa tupu, kisha harufu ya kitunguu kikikaangwa na tonge la kwanza vinaziamsha. Asidi inageuka kuwa tatizo pale inapopanda kwenye umio na kuleta kiungulia, au inapokuta utando wa tumbo umeshachubuliwa na kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni nini? Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni pilipili, maharage, kukaa na njaa na mawazo. Vitu hivyo vinaweza kuchochea maumivu, lakini chanzo cha vidonda vingi ni kimoja kati ya viwili: bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au dawa za maumivu. Madaktari wenyewe walichelewa kulikubali hilo la bakteria. Huko Perth, Australia, Robin Warren alimwona bakteria huyo kwenye vipande vya nyama ya tumbo, na mwenzake Barry Marshall, alipoona hawasadikiki, mwaka 1984 akanywa kikombe cha bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kutapika, na kipimo cha kamera kikaonyesha tumbo limevimba. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Hadi wakati huo dawa za kupunguza asidi zilikuwa zimeshaenea. Simetidini, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na omeprazoli ikafuata mwaka 1988. Kabla ya dawa hizo, mtu mwenye kidonda sugu alikuwa akipasuliwa, akakatwa neva inayoamuru asidi itoke au hata sehemu ya tumbo lenyewe. Anayeziponda dawa hizi leo asisahau zimewaepusha watu wangapi na kisu.

Sasa tuje kwenye saa ya kumeza, kwa kuwa hapa ndipo dawa inapopotea bure.

Tumezoea kuambiwa "meza ukishakula," na kwa dawa zinazochubua tumbo huo ni ushauri mzuri. Omeprazoli inataka kinyume chake. Ukiimeza, inapita tumboni, inanyonywa kwenye utumbo, kisha inarudi kwa njia ya damu hadi kwenye zile chembe zenye pampu. Haikai kwenye damu kwa muda mrefu, ni saa chache tu, na katika saa hizo inaweza kuzifunga zile pampu tu zinazofanya kazi. Pampu iliyolala inaikosa. Mvuvi hutega nyavu kabla maji hayajaanza kujaa, maana samaki wanaingia na maji. Akitega maji yakishajaa, atakuta wamekwisha pita. Kwa sababu hiyo dawa imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula, ili chakula kinapoziamsha pampu, dawa iwe imeshafika. Pampu iliyofungwa haifunguki tena. Mwili hulazimika kutengeneza nyingine, na ndiyo maana kidonge kimoja hufanya kazi siku nzima ingawa chenyewe kimeshatoweka kwenye damu.

Kwa wengi wakati unaofaa ni pale unapoamka. Weka glasi ya maji karibu na kitanda, meza, kisha oga, andaa watoto wa shule, ndipo ukae mezani. Na chai ni chakula. Mtu akiulizwa kama amekula anajibu, "Sijala, nimekunywa chai tu," kumbe chai hiyo ilikuwa ya maziwa, na maandazi mawili pembeni. Pampu zimeshaamka. Kama daktari ameandika mara mbili kwa siku, ya pili imezwe nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Kuimeza unapopanda kitandani baada ya kula ni kuipunguzia nguvu.

Anayefunga Ramadhani hana haja ya kuiacha dawa kwa sababu ya saa, ila amweleze daktari kwanza kama ana kidonda kibichi au amewahi kutokwa damu tumboni, maana huenda hali yake hairuhusu kufunga. Kwa wengine mpangilio ni rahisi: adhana ya Magharibi ikilia, fungua kwa maji na umeze kapsuli, sali, kisha kaa kwenye futari. Muda wa sala na kuandaa mkeka unakaribia ule unaohitajika. Kama ni mara mbili, ya pili imezwe nusu saa kabla ya daku.

Ifungue kapsuli moja uone kilichomo. Ndani kuna punje ndogo za mviringo, na kila punje imevishwa ganda. Ganda hilo ndilo linaloikinga dawa isiharibiwe na asidi ileile inayokwenda kuizuia. Ukitafuna, au ukitwanga kidonge umpe bibi asiyeweza kumeza, umelivunja ganda na dawa itaharibikia tumboni kabla ya kufika utumboni. Kwa kapsuli nyingi za omeprazoli inaruhusiwa kuzifungua, ukachanganya punje na juisi ya matunda yenye uchachu au maji, ukanywa papo hapo bila kutafuna. Lakini si kila aina inakubali hivyo, kwa hiyo mwulize mfamasia kuhusu ile uliyopewa. Unyevu nao ni adui yake. Katika miji ya pwani, ambako hata chumvi hulowa mezani, kapsuli zilizotolewa kwenye karatasi yake na kumwagwa ndani ya bahasha ya kaki zinaharibika. Omba upewe zikiwa kwenye karatasi yake, na zile za kwenye chupa ziache humo humo na kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu.

Usitegemee nafuu ya haraka. Siku ya kwanza dawa hufunga sehemu tu ya pampu, kesho yake inafunga nyingine, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku 3 hadi 5. Wengi huikatia tamaa siku ya pili, au wanameza mbili kwa pamoja. Ukiisahau, imeze kabla ya mlo unaofuata, ila usirundike dozi. Katika siku hizo za mwanzo unaweza kutuliza kiungulia kwa vidonge vya kutafuna vya magnesium au dawa nyeupe ya maji ya chupa. Hizo hazizuii asidi kutoka, zinaipoza iliyokwisha kutoka, na kwa hiyo zinafanya kazi ndani ya dakika. Zina masharti yake, nayo tutayafikia.

Swali la pili ambalo bahasha hailijibu ni dawa inatibu nini. Muda wote wa matibabu unategemea jibu hilo. Kiungulia cha asidi kupanda kwa kawaida hutibiwa kwa wiki 4 hadi 8. Kidonda kilichotokana na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kinahitaji muda kama huo, pamoja na kuacha dawa iliyokileta ikiwa daktari anaona inawezekana. Hapa nawaomba wasomaji wafikirie vile vidonge vya maumivu ya mgongo na magoti vinavyonunuliwa dukani bila cheti, kila wiki, na wazee wetu hasa. Mzee anameza diklofenaki asubuhi kwa ajili ya goti na omeprazoli jioni kwa ajili ya tumbo, na hakuna anayeziona dawa hizo mbili kwa pamoja isipokuwa yeye.

Akikutwa na bakteria, mgonjwa hupewa omeprazoli au ndugu yake pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi klarithromaisini na amoksilini au metronidazoli, mara mbili kwa siku kwa siku 14. Antibiotiki hizo zinachosha. Mdomo unakuwa mchungu na tumbo linaharisha, na maumivu yakishapoa siku ya tano watu huziacha. Bakteria aliyebaki hurudi akiwa mgumu zaidi kuuawa, na mzunguko wa pili unahitaji dawa nyingine, mara nyingi ghali zaidi.

Kuna jambo la vipimo ambalo ningependa kila mgonjwa alijue, kwa sababu linawagharimu watu fedha na antibiotiki wasizozihitaji. Kipimo cha haraka cha damu cha H. pylori hakitafuti bakteria. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake, na kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Mtu aliyepona akipimwa tena kwa damu ataambiwa bado anaye, naye atatibiwa upya kwa ugonjwa asio nao. Kipimo kinachoweza kusema kama umepona ni cha choo au cha pumzi. Navyo vinadanganywa na omeprazoli: dawa humpunguza bakteria bila kumwua, kipimo kikasema hayupo. Kwa hiyo vifanyike angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na wiki 2 baada ya kuacha omeprazoli. Ukipewa karatasi ya kwenda maabara, mwambie aliyekuandikia: "Daktari, bado nameza omeprazoli." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha tarehe ya kipimo chako.

Halafu kuna suala la mwisho wa dawa. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu wazima 120 wenye afya, wasio na tatizo lolote la tumbo. Nusu yao walipewa esomeprazoli kwa wiki 8, kisha vidonge visivyo na dawa kwa wiki 4, na nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa muda wote. Katika wiki hizo 4 za mwisho, asilimia 44 ya wale waliokuwa wameacha dawa walipata kiungulia, kucheua au dalili nyingine za asidi, kwa kulinganisha na asilimia 15 ya wenzao. Kumbuka hawa hawakuwa wagonjwa. Tumbo lililozuiwa kwa wiki kadhaa hujijengea uwezo mkubwa zaidi wa kutengeneza asidi, na zuio likiondoka, asidi hutoka kwa wingi kuliko mwanzo.

Mtu asiyelijua hili anaacha dawa Jumatatu, Alhamisi kifua kinawaka, anajiambia, "Ugonjwa umerudi," na anarudi dukani. Hivyo ndivyo dawa ya wiki 8 inavyogeuka kuwa ya miaka. Ukiwa umeitumia kwa muda mrefu na daktari amekubali uiache, jambo la busara ni kushuka taratibu: kutoka mbili kwa siku hadi moja, kisha dozi ndogo zaidi, kisha siku moja unameza na siku moja unaacha, huku vidonge vya kutafuna vikisaidia siku zenye moto. Msukosuko huo hupita, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Ukidumu zaidi, rudi kwa daktari kabla ya kurudi dukani.

Wapo wasiopaswa kuacha kwa uamuzi wao wenyewe. Mtu anayetumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo na aliyewahi kutokwa damu tumboni analindwa na dawa hii, na akiiacha anaweza kufa. Vivyo hivyo mwenye umio uliochubuka vibaya. Ninasisitiza kwa sababu habari za madhara ya omeprazoli husambaa haraka kwenye simu, na wanaotishika kwanza mara nyingi ndio wanaoihitaji zaidi.

Madhara hayo ni yapi? Ya siku za mwanzo ni kichwa kuuma, kuharisha au choo kuwa kigumu. Kwa wanaoimeza miaka mingi, madaktari huangalia vitamini B12 na mifupa. Wanaangalia pia madini ya magnesium kwenye damu, ambayo yakishuka sana huleta mikono kutetemeka, misuli kukakamaa na moyo kudunda bila mpangilio. Anayemeza pia Lasix yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu nayo hutoa madini hayo kwenye mkojo. Mengi yaliyoandikwa kuhusu hatari nyingine yametokana na kulinganisha wanaotumia na wasiotumia, na wanaotumia mara nyingi ni wazee na wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, la watu 17,598 waliopewa pantoprazoli au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka 3, halikuthibitisha mengi ya hayo. Lililojitokeza ni maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 kwa wenye dawa, asilimia 1.0 kwa wasio nayo.

Tofauti hiyo ni ndogo, ila mimi siipuuzi. Asidi ndiyo inayoua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo kabla havijafika utumboni, na sisi tunaishi mahali ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara msimu wa mvua. Anayemeza omeprazoli achemshe maji ya kunywa hata kama jirani hachemshi, na kachumbari ya barabarani aipite.

Kuhusu dawa nyingine, ziweke zote mezani mbele ya mfamasia, pamoja na zile ambazo hupendi zionekane. Anayetumia ARV asinyamaze. Vidonge vya TLD, ambavyo ndivyo vinavyotumiwa na wengi Afrika Mashariki, havina ugomvi na omeprazoli, lakini vina ugomvi na dawa za kupoza asidi zenye magnesium au aluminiamu: zinaishika dolutegraviri, moja ya dawa zilizomo ndani ya TLD, isiingie mwilini. Meza TLD saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Atazanaviri, ambayo baadhi ya wagonjwa hubadilishiwa, inahitaji asidi ili iingie mwilini, na rilpivirini haipaswi kabisa kumezwa pamoja na omeprazoli. Aliyewekewa kibomba cha moyo au aliyepata kiharusi na anameza klopidogreli amwombe daktari dawa nyingine ya familia hii, kama pantoprazoli, kwa kuwa omeprazoli na esomeprazoli huidhoofisha klopidogreli. Mama mjamzito anayeteswa na kiungulia aziachanishe dawa za kupoza asidi na vidonge vya kuongeza damu kwa angalau saa 2, na alitaje hilo kliniki. Mwenye ranitidini ya zamani kabatini asiitumie. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni yote, baada ya kugundulika kuwa hujitengenezea kemikali inayohofiwa kuleta saratani, hasa ikikaa kwenye joto.

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki 8 wala wiki 1. Choo cheusi tii chenye kunata, matapishi yenye damu au yenye rangi ya kahawa iliyosagwa, kukonda bila sababu, kupungukiwa damu. Na kumeza kwa shida. Hii ya mwisho naitaja peke yake, kwa sababu ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, una saratani nyingi ya umio. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, wameonekana hata wagonjwa wenye umri chini ya miaka 30. Inaanza na nyama kukwama, kisha ugali, kisha mtu anajikuta anaishi kwa uji. Omeprazoli inaweza kupunguza moto wa kifua na kumfanya aone anaendelea vizuri, huku njia ya chakula ikizidi kuwa nyembamba. Chakula kikianza kukwama, omba kipimo cha kamera wiki hiyo hiyo, hata kama una miaka 28.

Maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja na jasho jembamba, pumzi kubana, au yanayoshuka mkononi na kupanda kwenye taya, si ya kumezea kapsuli na kungoja. Watu wa rika zote huyaita gesi, na yanaweza kuwa moyo. Mwambie aliye karibu nawe atafute gari, nenda kwenye hospitali yenye kipimo cha moyo, na ukifika mapokezi anza kwa kusema kifua kinauma, kabla ya kueleza historia ya vidonda vyako vya tumbo.